Bibi na babu mnaowasaidia wajukuu kazi za shule, yatunzeni macho hivi

Wazee wangu shikamooni. Hii ni kwa bibi na babu wote ambao jioni ikifika ndo walimu wa nyumbani, mtoto kashika daftari anasema bibi hii siielewi, na we unakaa naye mpaka iishe. Ni kazi kubwa mnafanya, ila ukishamaliza macho yanawasha, yanatoa machozi, kichwa kinauma hapa juu ya nyusi, shingo imekaza, halafu ukiulizwa unasema ah uzee tu huu. Si uzee peke yake jamani. Sehemu kubwa ya hayo maumivu inatokana na taa ilipokaa, miwani uliyovaa, daftari lilipo, na zaidi ya vyote nani anayesoma maandishi, na vyote hivyo vinarekebishika leo leo.

Ngoja kwanza nieleze kidogo jicho limebadilika nini, maana ukijua hilo mengine yote yanakuja yenyewe. Ndani ya jicho kuna lenzi, kwa mtoto ni laini, inajivimbisha haraka akiangalia karibu na kujinyoosha akiangalia mbali. Kuanzia kwenye miaka 40 hivi inaanza kukakamaa, ndo pale mtu anaanza kusogeza gazeti mbali mpaka mkono unaisha. Ukifika 60 lenzi karibu haijivuti tena kabisa, na pia imeingia rangi ya manjano kidogo, na mboni imekuwa ndogo, haifunguki kwenye giza kama ya kijana. Matokeo yake mwanga unaofika nyuma kabisa ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja tu ya ule unaofika kwa kijana wa 20. Kwa hiyo mjukuu akisema mbona mimi naona vizuri tu, anasema kweli, na wewe ukisema huoni pia unasema kweli, mko meza moja lakini mwanga mnaoupata si mmoja.

Basi tuanze na taa. Taa ya dari peke yake haitoshi, iko mbali, halafu ukiinama kichwa chako mwenyewe kinatia kivuli kwenye daftari. Tafuta taa ya mezani yenye shingo inayokunjika na kifuniko. Watu wengi wanakimbilia kununua balbu kubwa, mi nasema kwanza isogeze taa karibu, maana taa ndogo ukiisogeza mpaka nusu ya umbali uliokuwepo, mwanga unaoangukia karatasi unakaribia kuwa mara nne. Hiyo ni faida kubwa na haikugharimu kitu. Kifuniko kishuke mpaka usiione balbu yenyewe ukiwa umekaa, kwa sababu balbu ikikupiga machoni moja kwa moja, hasa kama mtoto wa jicho ameanza kuingia, mwanga unatawanyika ndani ya jicho na maandishi yanapauka. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia taa ikae mbele yake kushoto, na wewe kaa upande huo huo wa kushoto kwake, hapo taa inakuwa kati yenu na kivuli cha mkono wake hakiangukii anachoandika. Anayeandika kwa kushoto geuzeni kila kitu. Na taa ya chumbani nayo iwake, msiwashe ya mezani tu chumba kizima kikawa giza, jicho linachoka kurukaruka kati ya mwanga na giza kila ukiinua kichwa.

Mchana ni bora zaidi, kama kuna kazi ya kusoma sana au ramani yenye majina madogo madogo basi ifanywe mapema mwanga wa dirisha ukiwepo, na hesabu za kuandika ziachwe za jioni. Dirisha liwe ubavuni kwenu, lisiwe mbele ya uso wala nyuma ya mgongo mkitumia skrini. Vitabu vyenye karatasi ya kung'aa vinasumbua sana, hivyo usivilaze mezani, viegemeze juu ya vitabu vingine viwili vitatu ili vilale kwa mshazari, ule mng'ao unaondoka na shingo yako inapumzika hapo hapo.

Sasa miwani, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo penye tatizo ambalo karibu hakuna anayelizungumzia. Miwani ya kusomea kawaida inapimwa kwa umbali wa kama sentimita 40, yaani kitabu kikiwa mbele yako mwenyewe. Lakini ukimsaidia mtoto, daftari haliko mbele yako! Liko mbele yake, wewe umekaa pembeni, na ukipima kwa futi kamba kutoka katikati ya pua yako mpaka kwenye ule mstari anaoandika utakuta ni sentimita 55, 60, hata 70. Hapo miwani yako nzuri kabisa inaonyesha ukungu, unaanza kuinama, unamwegemea mtoto, mgongo unapinda, na baada ya nusu saa kila kitu kinauma, na miwani inalaumiwa bure. Kwa mtu ambaye mbali anaona vizuri bila miwani na lenzi yake ndo imeshakakamaa, ukigawanya 100 kwa namba ya miwani unapata takriban umbali inaopenda kwa sentimita: miwani ya +2.50 inapenda sentimita 40, ya +2.00 inapenda 50, ya +1.50 inapenda kama 67. Unaona sasa? Miwani kali zaidi haikusaidii kuona daftari la mtoto, inalileta eneo la kuona karibu zaidi na pua yako. Aliyezoea kuvaa miwani ya mbali hesabu yake ni tofauti, huyo apimwe tu.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya bure ni kulivuta daftari likae katikati yenu wakati wa kuangalia, halafu linarudi kwa mtoto wakati wa kuandika. Ya pili ni kwenda kupimwa na kumwambia mpimaji wazi kabisa kwamba namsaidia mjukuu, daftari linakaa umbali huu, nimepima. Wapimaji wanafurahi mtu akija na namba mkononi, na unaweza ukatengenezewa miwani ya umbali huo wa katikati ambayo itakufaa pia kwenye kompyuta.

Wenye miwani ya sehemu mbili, ile ya mbali juu na ya karibu chini, angalieni kidevu. Mkikaa mbele ya kompyuta mnainua kidevu juu ili mpate ile sehemu ya chini ya kioo, na shingo inaumia usiku mzima. Shusheni skrini iwe chini ya usawa wa macho, hata ikibidi kiti kipande.

Miwani ya kununua tu bila kupimwa, swali hili linaulizwa sana. Haiharibu macho, hilo ondoeni hofu. Shida yake ni kwamba vioo vyote viwili vina namba moja wakati macho ya watu wengi hayafanani, na haisaidii jicho ambalo uso wake haukuviringana sawasawa, ndo maana mwingine anavaa anapata kichwa. Kama inakufaa kwa muda wa barua fupi sawa, ila kwa kukaa saa nzima na mtoto kila siku ni heri ipimwe. Na vile vile si kweli kwamba kuvaa miwani kunalegeza macho yakawa tegemezi, lenzi itaendelea kukakamaa uvae usivae. Kusoma kwenye mwanga hafifu nako hakuharibu jicho, kunalichosha tu. Halafu kuna hii miwani ya kuzuia mwanga wa bluu wa skrini inauzwa kwa maneno matamu, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, ya mwaka 2023 yaliyokusanya tafiti 17 hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi ukilinganisha na vioo vya kawaida, kwa hiyo kama pesa ni ya kuchagua mi ningeiweka kwenye taa na kupimwa macho.

Na kitu kimoja kinachofurahisha wazee lakini si cha kufurahia bila kwenda kuangaliwa: mtu wa miaka 70 ghafla anaanza kusoma bila miwani, anasema macho yamerudi ujana. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mtoto wa jicho, ile sehemu ya katikati ya lenzi inakuwa nzito na kulifanya jicho lione karibu, na wakati huo huo mbali kunaanza kufifia. Nenda ukaonwe. Kadhalika mwenye kisukari akiona miwani iliyokuwa nzuri wiki iliyopita leo haifai, aangalie sukari kwanza, sukari ikipanda na kushuka inabadilisha lenzi, hivyo usikimbilie miwani mipya kabla sukari haijatulia.

Haya, tumefika kwenye lile ambalo kwangu ndo kubwa kuliko taa na miwani. Anayetakiwa kusoma ni mtoto. Wazee wengi wanachukua kitabu, wanakodoa macho, wanasoma swali lote kimya kimya, halafu wanamweleza mtoto, yaani macho ya miaka 68 yanafanya kazi ya macho ya miaka 9! Geuza. Mwambie asome swali kwa sauti, wewe sikiliza ukiwa umefumba macho hata, kisha muulize swali linataka nini, tumepewa nini, tuanzie wapi. Akikosea kusoma utasikia tu maana sentensi haitaleta maana. Akimaliza kuandika akusomee alichoandika, na mara nyingi akijisomea kwa sauti anakamata makosa yake kabla hujasema neno. Mtoto anapata mazoezi ya kusoma, wewe macho yanabaki kwa ajili ya kuhakiki sehemu chache tu.

Sehemu zenyewe za kuhakiki zina mitego yake. Kwa umri wetu uwezo wa kutofautisha kitu kilichopauka na kilicho nyuma yake unapungua hata kama herufi kubwa za kwenye chati ya hospitali unazisoma zote. Ndo maana 3 inaonekana 8, nukta ya 1.5 inapotea unaona 15, alama ya kutoa inachanganyika na mstari wa daftari, ile 2 ndogo ya kipeo huioni kabisa. Halafu unamwambia mtoto umekosa wakati amepata, naye anaanza kufuta. Kabla hujasema umekosa muombe akusomee namba zote moja moja. Na mbadilishie penseli, hizi zenye alama ya H zinaandika kijivu chepesi sana, mpe yenye B au 2B, inaandika nyeusi iliyokolea. Wewe ukitaka kumwonyesha njia usijibane kwenye daftari lake lenye mistari myembamba, chukua karatasi tupu na kalamu ya wino mnene mweusi uandike makubwa, au kibao kidogo cheupe cha kuandika na kufuta, mnaona wote bila kuinama.

Siku hizi kazi nyingine zinakuja kama picha kwenye simu, mwalimu kapiga ukurasa wa kitabu, umepinda, una kivuli, na skrini yenyewe kiganja. Usipambane nayo. Ivute kwa vidole viwili usome kipande kipande, au mwambie mtoto ainakili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, au kama kuna tableti, kompyuta au hata televisheni inayoungana na simu ifungueni huko. Ingia kwenye setingi za simu, sehemu ya onyesho, ongeza ukubwa wa maandishi mara moja tu na yatabaki hivyo. Kamera ya simu nayo ni kioo cha kukuza, piga picha ile ramani au yale maelezo madogo chini ya mchoro halafu ivute. Simu nyingi pia zina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti, muombe kijana wa nyumbani akuwekee. Mwangaza wa skrini ulingane na karatasi iliyo pembeni yake, skrini ikionekana kama taa basi ni kali mno, ikionekana ya kijivu basi ni hafifu.

Kupepesa macho sasa. Tukiwa tunaongea tu tunapepesa kama mara 15 kwa dakika, tukikazia macho maandishi au skrini inashuka mpaka 5 au 7, na machozi ya mtu mzima tayari ni machache, kwa hiyo jicho linakauka. Linawasha, linaungua kama lina mchanga, na ajabu yake jicho kavu ndo linamwaga machozi, kwa sababu linajaribu kujiokoa. Kanuni inayotajwa sana ni kila dakika 20 uangalie kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Sawa, ila nani atakumbuka kuangalia saa huku mtoto anauliza maswali? Mi nashauri uifunge na kazi yenyewe: kila mtoto anapoanza kuandika jibu, wewe acha kumkodolea kalamu, angalia nje ya dirisha, fumba macho taratibu, fungua, mara kadhaa. Mtoto naye anafurahi kutotazamwa kila herufi. Feni au kiyoyozi kisipige usoni. Kope zikiwa na magamba magamba au macho yanaamka mazito, kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuunguza, kiwekwe juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 mpaka 10, kinayeyusha mafuta ya kwenye kope yanayozuia machozi yasikauke. Dawa za mafua na mzio, baadhi za presha na za usingizi zinakausha macho pia, usiziache mwenyewe, muulize daktari.

Kabla watoto hawajakaa mezani, kama jua bado lipo tokeni nje kwanza mtembee. Wewe macho yanapumzika kwa kuangalia mbali, na kwa mtoto kukaa nje mchana kama masaa 2 kwa siku kunapunguza uwezekano wa kuanza kuona mbali kwa shida. Mtoto ambaye pua inagusa daftari au anafinya macho kuangalia ubao apelekwe kupimwa, asigombezwe.

Matone ya macho: machozi ya bandia ni salama kwa jicho kavu, yale ya chupa yenye dawa ya kuyahifadhi yasizidi kama mara 4 kwa siku, ukihitaji zaidi ulizia yasiyo na hiyo dawa. Yale ya kuondoa wekundu yakizoeleka wekundu unarudi mkubwa zaidi. Na yenye dawa ya steroidi, ile kali ya kutuliza uvimbe, kamwe usijinunulie wala kuazima kwa jirani, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho bila wewe kuhisi kitu. Halafu naomba sana, matone yasikae kwenye meza ya kazi za shule. Chupa ndogo ya gundi kali ya papo hapo inafanana mno na chupa ya matone, na kuna watu wameshajitia gundi machoni kwa kupapasa tu bila miwani. Ikitokea, usilazimishe kope zifunguke, suuza kwa maji mengi na uwahi hospitali.

Uchovu wa kawaida unapungua ukipumzika na unakuwa macho yote mawili. Kisichopungua kisiitwe uchovu. Jipime hivi: chukua daftari la hesabu lenye viboksi, vaa miwani ya kusomea, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kazia macho kiboksi kimoja cha katikati, kisha badilisha jicho. Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda kama mawimbi, au katikati kuna doa la kiza, hiyo ni sehemu ya katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inalalamika, na ni ya kwenda kuonwa ndani ya siku chache. Kuziba jicho moja ni muhimu kwa sababu jicho zima linalifichia lenzake, mtu anaishi na jicho baya miezi bila kujua.

Yapo ya kwenda siku hiyo hiyo, hata kama mtoto ana mtihani kesho: vimulimuli kama radi ndogo pembeni ya jicho, madoa meusi mengi yanayoelea yaliyokuja ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja wa kuona. Kuona kukipotea ghafla hata kama kumerudi. Jicho linauma vikali, limekuwa jekundu, taa inazungukwa na duara za rangi, na kichefuchefu juu, hiyo inaweza kuwa presha ya jicho imepanda ghafla na inapenda kuja jioni kwenye mwanga hafifu ambapo mboni imetanuka, watu wanameza dawa ya kichwa wanalala na asubuhi jicho limeshaumia. Na aliyevuka miaka 50 akianza maumivu mapya ya kichwa kwenye panja, pale pembeni kati ya jicho na sikio, utaya unauma akitafuna, na kuona kunayumba, asingoje kabisa.

Tofauti na hapo, ukishavuka 60 onana na mtaalamu wa macho kila mwaka au miaka miwili hata kama unaona vizuri, na mwenye kisukari kila mwaka bila kuruka, maana presha ya macho, ile inayokuja polepole, na madhara ya sukari vinaanza kimya bila maumivu. Ukienda beba miwani yote unayotumia hata ile iliyofungwa uzi, orodha ya dawa zako zote, daftari moja la mjukuu, na kile kipimo cha kutoka puani mpaka kwenye mstari wake. Omba mtu wa kukusindikiza, kuna matone ya kutanua mboni na utaona ukungu kwa masaa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo kazi za shule amwangalizie mwingine.